Kabla ya Habari Njema, Tuulizane Habari

Mgeni anayejifunza Kiswahili hushangazwa mapema na desturi yetu ya kuamkiana. Wapo walimwengu ambao wakikutana hutakiana asubuhi njema, kisha kila mmoja akashika njia yake. Sisi huulizana. “Hujambo?” ni swali, na asili yake ni kumwuliza mtu iwapo ana jambo lolote lililomsibu. “Habari gani?” ni swali vilevile, na nyuma yake hufuata msururu wa maswali mengine: habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mgonjwa, za tangu juzi. Kwa hivyo katika vinywa vyetu neno habari hutangulia kuwa swali kabla ya kuwa tangazo, na anayeuliza hutarajiwa kusimama apate jibu.

Jambo hili nimelieleza mbele ya wanafunzi wangu wa isimu kwa miaka mingi bila ya kunigusa. Limeanza kunigusa karibuni, kwa sababu ya maneno mengine ya ukoo uo huo. Wakristo wa Afrika Mashariki huuita ujumbe wao Habari Njema, na kazi ya kuueneza huiita kuhubiri. Habari na kuhubiri ni ndugu wa toka nitoke. Yote mawili yametujia kutoka shina moja la Kiarabu lenye maana ya kupasha habari. Hata Injili, neno tulilolipata kwa mkono wa Kiarabu, chimbuko lake ni la Kigiriki na maana yake ni iyo hiyo, habari njema. Ninalojiuliza ni hili: imekuwaje tukapata wahubiri wengi kiasi hiki wa Habari Njema, na kwa wakati uo huo tukakosa watu wa kuuliza habari?

Asubuhi moja majuzi nilipanda matatu kuelekea katikati ya jiji la Nairobi. Dereva alikuwa amefungua redio, na redioni alikuwamo mchungaji akihubiri kwa sauti ya kupanda na kushuka. Hatujafika mbali, kijana nadhifu aliyeketi karibu na mlango alisimama, akatusalimu kwa jina la Bwana, akafungua Biblia na kuanza kuhubiri naye. Hakuna aliyepunguza sauti ya redio. Wakati huo simu yangu ilikuwa ikitetemeka mfukoni. Nilipoitazama nilikuta aya tatu za Maandiko kutoka kwa makundi matatu, mojawapo ikiwa imetumwa mara mbili. Katika safari ya nusu saa neno la Mungu lilinifikia kwa redio, kwa kinywa cha mtu na kwa kiganja cha mkono wangu mwenyewe.

Kando yangu aliketi mama mmoja wa makamo. Alikuwa amepakata bahasha kubwa ya kahawia, ya zile zinazotiwa picha za eksirei, akiitazama bila ya kuifungua. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Kijana alimaliza mahubiri, akatuombea sote kwa jumla, akapitisha mkono kwa wenye moyo wa kutoa, akashuka ili apande gari jingine. Hakumwuliza mama yule hali. Nami, niliyesomeshwa hadi shahada ya uzamifu kwa ajili ya kuchunguza namna watu wanavyozungumza, sikumwuliza pia. Tulishuka, kila mtu akaenda zake.

Simdhihaki kijana yule. Yamkini ana imani kunishinda, na anayesimama mbele ya abiria wenye usingizi saa kumi na mbili na nusu za asubuhi si mtu mwoga. Ninachokitilia shaka ni dhana tuliyoikubali bila ya kuipima, kwamba ujumbe ukishatamkwa umekwisha kufika, na kwamba ukitamkwa kwa sauti kubwa zaidi na mara nyingi zaidi utakuwa umefika zaidi.

Tuanze na ukweli ulio wazi. Katika sensa ya mwaka 2019, takriban Wakenya 85 kwa kila 100 walijitambulisha kuwa ni Wakristo. Nchi hii, basi, haina njaa ya kuhubiriwa. Si rahisi kumpata mtu mzima katika miji yetu ambaye hajapata kulisikia jina la Yesu. Kama ujumbe ungalikuwa mvua, tungalisema ardhi imeloa hadi inatiririsha. Hata hivyo ni nchi iyo hiyo ambamo vijana wanasema kanisa haliwasikii, wajane wanadhulumiwa mashamba na shemeji zao waliobatizwa, na fedha za umma zinaibwa na watu wanaokaa viti vya mbele siku ya Jumapili. Hapana budi tujiulize ni kitu gani kinachokosekana, maadamu si sauti.

Wale walioileta Habari Njema katika pwani yetu zama za karne ya 19 hawakuwa na hata kipaza sauti kimoja. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mnamo Julai mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Katika mwaka huohuo alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia katika kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa, msomi wa Kiislamu. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo chao Rabai. Rebmann alikaa pwani hadi mwaka 1875, takriban miaka 29, na akaondoka akiwa amepofuka. Waliobatizwa kwa juhudi yake katika miaka yote hiyo walikuwa wachache mno, idadi ambayo mhubiri wa leo angaliona haya kuitaja mbele ya kamera.

Sipendi kuwapaka watu hao rangi ya utakatifu. Walikuja na dharau zao juu ya mila za watu wetu, na mengi waliyoyaandika juu ya Waafrika na juu ya Uislamu yanaudhi kuyasoma. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hawakuweza kulikwepa: hawakuijua lugha. Asiyeijua lugha analazimika kuuliza. Hiki mnakiitaje? Mtu akikosewa husemaje? Kusamehe ni kufanya nini? Roho ni ipi, na pepo ni yupi? Nimewahi kuipekua kamusi ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882 baada ya kifo chake, na kila ninapoifungua naona kitu kimoja: maelfu ya maswali ambayo mtu fulani, katika kibaraza fulani, alikubali kuyajibu. Kabla ya kuhubiri, wageni wale walilazimika kuwa wanafunzi wa wale waliotaka kuwahubiria.

Kazi hiyo ya kuuliza haikukoma kwao. Edward Steere aliifanya Unguja, wengine wakaifanya Mombasa kwa lahaja ya Kimvita, na ubishi juu ya lahaja ipi itumike uliendelea kwa miaka mingi hadi ilipotoka Biblia ya pamoja, ile ya Union Version, mwaka 1952. Zaidi ya karne moja ilipita tangu siku ile ya kadhi na mmisionari. Leo tunaweza kuituma Biblia nzima kwa simu kabla maji ya chai hayajachemka. Ni neema kubwa. Lakini upesi huo umetuondolea ule ulazima wa kuuliza, na sidhani kama tumeweka kitu kingine mahali pake.

Njia za kupashana habari zilifunguka kwa kasi ambayo watu wa rika langu tumeishuhudia kwa macho yetu. Hadi katikati ya miaka ya 1990, aliyefungua redio ya humu nchini alisikia sauti ya shirika la utangazaji la taifa. Kisha zikaja idhaa za watu binafsi, nyingi kati yake zikitangaza kwa lugha za mama, na baadhi yake zikiwa za makanisa. Zikaja simu za mkononi, na mwaka 2007 ukaja utaratibu wa M-Pesa, ambao ulikifanya kikapu cha sadaka kiweze kupitishwa kwa watu ambao mhubiri hajapata kuwatia machoni. Kisha ukaja mtandao ndani ya simu zenyewe. Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoyafunga makanisa, hata wazee wetu wa kanisa waliokuwa wakiuita mtandao jambo la vijana walijikuta wakihubiri mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye chungu cha maua. Milango ilipofunguliwa mwezi Julai mwaka huo, kwa watu wasiozidi 100 na kwa muda wa saa moja tu, kamera hazikuondoka.

Naomba nisieleweke visivyo. Namjua mgonjwa aliyelala kitandani miaka minne ambaye ibada ya redio ndiyo kanisa lake. Wapo wasichana wa Kikenya wanaofanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, wasio na ruhusa wala nafasi ya kwenda kusali, ambao ujumbe wa sauti kutoka kwa mama zao, wenye wimbo na maombi, ndio chakula chao cha roho. Anayelaani vyombo hivi huwa amesahau ni nani anayevihitaji. Hoja yangu haihusu chombo. Inahusu kile ambacho tumekiruhusu chombo kitufanye.

Katika taaluma yangu tunasema kwamba mazungumzo huenda kwa zamu. Mmoja anasema, mwingine anapokea. Salamu hudai mwitikio, swali hudai jibu, na zamu isipotolewa mtu huhisi amedharauliwa hata kama hawezi kueleza kwa nini. Kipaza sauti hakitoi zamu. Wahubiri wenyewe, kwa kuwa ni watu wa lugha na wanaujua utamu wake, wamehisi upungufu huo na wameutafutia dawa: “Semeni amina!” “Je, tuko pamoja?” “Mwambie jirani yako!” Lakini chunguza dawa hiyo. Jibu limekwisha kupangwa kabla ya swali. Tena ile ya tatu ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Tangu nianze kuisikiliza kwa sikio la kazi yangu, nimehesabu mara nyingi nikiambiwa nimwambie jirani yangu hili na lile: mwambie atabarikiwa, mwambie mwaka huu ni wake, mwambie asiogope. Sijasikia hata mara moja nikiambiwa: mwulize jirani yako.

Sasa nieleze jambo ambalo ningependa kulificha. Ushirika wetu una kundi la maombi katika WhatsApp lenye watu zaidi ya mia moja, nami ni mmoja wa wazee wanaotuma aya kila alfajiri. Usiku mmoja, yapata saa nne, mjane mmoja wa ushirika aliandika kwamba mwanawe hajarejea nyumbani kwa siku tatu. Hakuandika zaidi ya mistari miwili. Katika muda wa saa moja alikuwa amepata majibu kama arobaini: aya za Zaburi, picha za mishumaa, mikono iliyokunjwa, na neno amina likifuatana na amina. Mimi pia nilituma Zaburi. Niliichagua kwa uangalifu, nikaona nimefanya wajibu wangu, nikalala. Asubuhi chini ya mishumaa ile palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa na mtambo wenyewe, kwamba mama yule amejiondoa katika kundi.

Nilikwenda kwake Jumamosi. Kijana alikuwa amekwisha kupatikana, amelazwa hospitalini na mguu uliovunjika, kwa kuwa aligongwa na pikipiki akiwa hana kitambulisho. Mama alinikaribisha, akanipikia chai, akaniuliza habari za nyumbani kwangu na za wanangu mmoja mmoja. Nilipomwomba radhi kwa niaba ya kundi alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwalimu, aya zote zile nazijua. Nilikuwa nangoja mtu aniulize alikuwa amevaa nini.”

Aliyemwuliza swali hilo alikuwa jirani yake muuza makaa, ambaye hajakanyaga kanisani kwetu hata siku moja. Aliuliza kijana alikuwa amevaa nini, aliuliza alionekana mwisho wapi, akafunga kibanda chake, akazunguka na mama yule kutoka kituo cha polisi hadi kingine na kutoka wodi hadi wodi. Msomaji anayeijua Injili hahitaji kuambiwa kisa hiki kinafanana na kipi. Katika kisa kile mimi nilikuwa miongoni mwa waliopita kando, ingawa nilipita nikiwa nimeshika Zaburi.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni makosa madogo ya watu wema, na kwamba hakuna aliyedhurika. Kusema bila ya kuulizana kunaweza kufika mbali kuliko hapo. Rabai, alikolazwa msingi wa kazi ya Krapf na Rebmann, iko katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kilifi. Katika kaunti iyo hiyo uko msitu wa Shakahola. Mnamo Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi humo, na kazi hiyo ilipokwisha miili iliyopatikana ilikuwa zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto. Ilielezwa kuwa waumini waliaminishwa kwamba wakijinyima chakula hadi kufa watakutana na Yesu. Mhubiri aliyeshtakiwa aliyakana mashtaka, na hukumu ni kazi ya mahakama, si ya gazeti. Lakini si siri kwamba kabla ya msitu palikuwapo televisheni na mtandao, na kwamba mahubiri yale yaliingia sebuleni mwa watu kwa miaka kadhaa kama yaingiavyo mahubiri mengine yote.

Ninapoutafakari mkasa huo kama mwanafunzi wa lugha, siishii kwenye mafundisho pekee. Naona pia aina ya usemi: mmoja anasema, wote wanapokea, na anayeuliza anahesabiwa kuwa ana shetani. Watu waliozoeshwa kwa miaka kwamba kazi ya msikilizaji ni kusema amina hawatakuwa na neno jingine mdomoni siku watakapoambiwa waache kula. Baada ya Shakahola pamekuwa na mjadala kuhusu sheria za kudhibiti wahubiri. Siipingi sheria iliyotungwa kwa busara; mwuaji ni mwuaji hata akivaa joho. Lakini sheria huja na sepetu, baada ya mazishi. Kinga ya mapema ni ushirika ambamo mama anaweza kunyosha mkono na kusema, “Mchungaji, hapo sijaelewa, umeyapata wapi hayo?” na asifukuzwe. Kuuliza si ujinga, walinena wahenga. Leo ningeongeza kwamba kuuliza kunaweza kuwa uhai.

Wako watakaonipinga kwa hoja nzito, nami naiheshimu. Watasema kwamba Habari Njema si maoni ya mtu hata ikajadiliwe. Imeamriwa itangazwe, wakati ufaao na wakati usiofaa. Tarishi hawaulizi watu wanataka kusikia nini, hufikisha alichotumwa. Wakristo waliopewa agizo la kwenda ulimwenguni mwote watafanyaje wakikaa barazani kuulizana hali?

Jibu langu nalitoa katika Biblia yenyewe, kwa maneno yangu. Filipo alipomfikia yule towashi wa Kushi aliyekuwa akisoma ndani ya gari lake, neno lake la kwanza lilikuwa swali: je, unaelewa unachokisoma? Mhubiri wetu wa matatu ana mfano gani bora kuliko huo, wa mtu aliyehubiri ndani ya chombo cha safari? Filipo alisubiri jibu, akaalikwa kupanda, akaketi kando ya msafiri, akaanzia pale alipokuwa msafiri mwenyewe. Paulo alipofika Athene alizunguka kwanza, akayatazama madhabahu ya watu wale, na hotuba yake ikaanza na yale aliyoyaona kwao. Na Yesu, kwenye kisima cha Samaria, alianza kwa kumwomba maji mwanamke ambaye angeweza kumwamuru.

Kisa kinachonishinda nguvu ni kile cha njia ya Emau. Wanafunzi wawili wanatembea wakiomboleza. Aliyefufuka anaungana nao, na yeye peke yake barabarani ndiye anayeijua habari yote. Angaliweza kuitangaza kwa sentensi moja. Badala yake aliwauliza wanazungumza nini, kisha akawaacha wamsimulie, kwa huzuni na kwa makosa, kisa chake yeye mwenyewe. Baada ya kuwasikiliza hadi mwisho ndipo alipofundisha, na aliwafundisha bila ya kuwabembeleza. Kuuliza hakukuupunguza ujumbe. Kulizifungua nyoyo za waliokuwa wakiupokea.

Vijana wa nchi hii wamekwisha kutupa nafasi ya kuuliza na kuulizwa, nasi tunaweza kuipoteza. Katika maandamano ya katikati ya mwaka 2024 hawakuwauliza wanasiasa peke yao. Waliyauliza makanisa pia kwa nini mimbari zimegeuzwa majukwaa na kwa nini michango haiulizwi ilikotoka. Maswali yalikuwa makali, mengine yakiwa na ufedhuli, lakini yalikuwa maswali. Mnamo Novemba mwaka huo Maaskofu Wakatoliki walitoa kauli iliyoikosoa serikali waziwazi, na siku chache baadaye Jimbo Kuu la Nairobi likakataa michango iliyotolewa na Rais na viongozi wengine katika kanisa moja la Soweto. Mtu anaweza kuridhika au kutoridhika na hatua ile. Lakini nilisikia wanafunzi, ambao kwa kawaida hupita mahubiri kama wapitavyo matangazo ya sabuni, wakiijadili kwa siku kadhaa. Walihisi kwamba safari hii waliuliza na wakajibiwa.

Je, tufanyeje? Sina amri juu ya kanisa lolote, lakini mzee wa kanisa na mwalimu anaweza kupendekeza. Kwanza, kila kanisa lenye idhaa, ukurasa wa mtandao au kipaza sauti cha nje liwe na simu inayopokewa na mtu aliyefunzwa kusikiliza, na nambari yake isomwe hewani kwa msisitizo uleule inaosomewa nambari ya sadaka. Pili, kila makundi yetu ya maombi yanapopokea shida ya mtu, jibu la kwanza liwe swali, na la pili liwe miguu ya anayeishi karibu; aya zifuate. Tatu, baada ya mahubiri, hata mara moja kwa mwezi, watu wapewe nafasi ya kuuliza, na mhubiri awe na unyenyekevu wa kusema “sijui” pale asipojua.

Nne ni la taaluma yangu. Vyuo vya theolojia vinawafunza wachungaji Kigiriki na Kiebrania, na ni vyema. Viwafunze pia kuzisikiliza lugha za wanaowahubiria: lugha za mama zinazonong’onwa hospitalini, Sheng ya vijana ambayo wengi wetu tunaikaripia kabla ya kuielewa, na Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya mwaka 2010 inaitambua na ambayo katika makanisa mengi haina mkono hata mmoja wa kuisema. Kiziwi aliyeketi mbele ya vipaza sauti kumi na viwili ndiye shahidi kwamba wingi wa sauti si kufika kwa ujumbe.

Mama yule hajarudi katika kundi letu la WhatsApp, nami sijamshawishi arudi. Huja ibadani kama zamani. Jumapili iliyopita nilimkuta langoni, nikamwuliza mguu wa kijana unaendeleaje, naye akanieleza kwa muda mrefu kuhusu vyuma, kliniki na nauli, hadi kengele ya pili ikalia na tukaingia tukiwa tumechelewa. Sikumbuki aya iliyosomwa siku ile, lakini nakumbuka kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi niliisikiliza nikiwa na mtu moyoni.

Mama wa bahasha ya kahawia sitamwona tena, na habari yake sitaijua. Lakini wewe, ndugu msomaji, kesho huenda ukapanda matatu ukiwa na Biblia mkononi au na aya katika simu. Usiziache nyumbani. Ila kabla ya kufungua kinywa, mwulize aliyeketi kando yako habari zake, kisha unyamaze mpaka ajibu.